Kijana wa Miaka 20 Hafundishwi Kama Mtoto wa Miaka 11

Kama kuna maneno yaliyonichosha, ni haya: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi. Sisi tulipigwa, tulishinda na njaa, tulimchotea fundi maji, na ndiyo maana tukawa mafundi." Nimeyasikia barazani, nimeyasikia hitimani, na wiki hii nimeyasikia kwa mzee ninayemheshimu sana. Alikuwa akimwambia kijana wangu wa kazi, na kijana mwenyewe alikuwa chini ya tumbo la mashua tangu alfajiri, nywele zimejaa mafuta na mchanga, anatia kalafati, yaani anaziba mianya ya mbao kwa pamba.

Sikumjibu mzee pale pale. Si adabu. Lakini mimi ni fundi wa vyombo vya baharini, kazi nimejifunzia kijijini Matondoni na sasa nafundisha wengine hapa Lamu, na jambo hili nalijua kwa mikono. Mzee hakusema uongo kwamba aliteseka. Anachokosea ni kuamini kwamba mateso ndiyo yaliyomfundisha.

Nianze na umri, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapoharibika na hakuna anayepataja. Wazee wetu wengi walikabidhiwa kwa fundi wakiwa watoto wa miaka 10, 11, 12, mara nyingi wakitoka chuoni, kusoma Kurani, asubuhi na kwenda pwani mchana. Mtoto wa umri huo analala kwao, anakula kwao au kwa fundi, nguo anashonewa sikukuu ikifika. Hana mke, hana kodi ya nyumba, hana mdogo anayemtazamia amlipie karo. Akikaa miaka mitatu bila kushika senti, nyumbani hakipungui kitu, kwa sababu hata asingekuwa pwani angelishwa vilevile.

Sasa mtazame anayekuja kwangu leo. Elimu ya msingi bila malipo ilianza 2003. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imemlazimu mzazi ampeleke mtoto shule na kumweka huko. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomtoa darasani. Haya yote nayaunga mkono, na sitaki kumwona mtoto wa mtu na tezo ya kuchongea mbao mkononi saa za shule. Lakini matokeo yake ni kwamba mwanagenzi ananifikia akiwa na miaka 18, 19, 20, ametoka kidato cha nne, na mamake amekwisha kuuza cha kuuza ili afike hapo. Ukimwambia huyu afanye kazi miaka mitatu bure "kama sisi", mzigo humtwiki yeye. Unamtwika mamake, aendelee kumlisha mwanamume mzima. Kijana anaondoka anaenda kufanya kazi kwenye boti za abiria zinazovuka kwenda Mokowe, bara, ambako jioni ikifika mkononi ana kitu. Mimi ningefanya hivyohivyo, na mzee pia angefanya.

Jambo la pili la umri ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaonekana ni tabia kumbe ni namna ya kujifunza. Mtoto hujifunza kwa kukodoa macho. Unamweka karibu, anatazama, anaiga, mwaka unapita na mkono umeshajua. Mtu mzima hajifunzi hivyo. Mtu mzima huuliza kwa nini. Na mafundi wengi wa umri wangu na walionizidi, wakisikia "kwa nini, fundi?" wanasikia jeuri. Wanamfokea: fanya kama nilivyofanya. Kijana ananyamaza, na tangu siku hiyo anafanya kazi bila kuijua.

Chukua mataruma, zile mbavu za chombo. Taruma zuri linatoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe msituni. Kijana ataniuliza: kwa nini tunahangaika kutafuta tawi la kupinda na mbao nene zipo, tukate pindo kwa msumeno? Hilo ni swali la maana sana! Jibu ni kwamba kwenye tawi lililojipinda nyuzi za mti zinafuata pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukilikata pindo kutoka kwenye ubao ulionyooka, nyuzi zinakatika njiani, na pale zilipokatika ndipo taruma litakapopasuka siku chombo kitakapopigwa na mawimbi ya kusi. Mwambie hivyo mara moja, mwonyeshe taruma lililopasuka, na kesho mtume akachague mti. Atarudi na tawi sahihi. Yule aliyefokewa atarudi na tawi lolote lililopinda, hata kama lina fundo mahali pabaya, kwa sababu anachojua ni umbo, sababu haijui.

Twende kwenye kitu ambacho wazee wanakisahau wanaposimulia njaa zao. Njaa ile ilikuwa na malipo. Hayakuandikwa popote, lakini kila mtu mtaani aliyajua. Mwanagenzi mara nyingi alikuwa mpwa wa fundi au mtoto wa jirani, na fundi alibeba dhamana: amlishe, amfunze asifiche, na akihitimu ampe vyombo vya kazi vya kuanzia, tezo, patasi, keekee ya kutobolea, nyundo. Kisha amtaje kwa wateja. Fundi aliyemtumia mtoto miaka mingi asimpe kitu alisemwa, na wazazi hawakumpelekea mwingine. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, lakini huvukuta kwenye kiwanda kitakachokuwa chake. Leo wapo watu wanaochukua upande mmoja tu wa mapatano hayo. Wanataka kijana afanye kazi bure, achote maji, afagie, abebe mbao, na mwisho wa safari hapewi tezo, hapewi mteja, hata barua ya kusema alikuwapo hapewi. Akiondoka anaitwa mvivu. Na huletewa ile methali, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni kweli, sharti ainame. Lakini aliyemwinamisha naye ana wajibu wa kuwa ameweka kitu mvunguni.

Kuna hesabu nyingine inayopotea. Wale tunaowasikiliza barazani ni wale waliobaki. Walioshindwa na fundi mkali wakakimbilia Mombasa, wakapanda meli, wakaenda Uarabuni, hawapo barazani kutueleza habari zao. Kwa hivyo tunasikia kwamba "sisi sote tulivumilia". Hapana, mzee wangu. Mlivumilia mliovumilia, na hata enzi hizo vijana walikimbia kazi hii.

Soko nitalipitia haraka, maana kila anayeishi Lamu analijua. Zamani majahazi makubwa yalipakia boriti za mikoko kwenda Uarabuni, na kijana alijua akihitimu kuna chombo kinamngoja. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, mwaka 2014 Mpeketoni ikashambuliwa na tukawekewa kafyu, na watalii waliokuwa wakikodi vyombo vyetu wakapungua. Februari 2018 ukataji miti ukasimamishwa nchi nzima, na wakata mikoko wa Lamu hawakusalimika. Mwaka 2020 ikaja korona. Katikati ya hayo boti za faiba zikaongezeka, nazo hazihitaji kalafati wala fundi wa kalafati. Wavuvi wetu waliambiwa na Mahakama Kuu mwaka 2018 kwamba wanastahili fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, na kila mtu anajua mambo kama hayo hayafiki mfukoni kwa siku moja. Kijana aliyekulia katika miaka hiyo anapouliza "nikijifunza hii, nitakula nini?" hajakosa adabu. Ametazama.

Sasa nifike kwenye kiini. Katika kazi yetu kuna ugumu wa aina mbili, na kuzichanganya ndilo kosa kubwa. Upo ugumu ulio ndani ya kazi yenyewe, na upo ugumu unaotiwa na mtu.

Kalafati ni mfano wa ule wa kwanza. Pamba unaisokota kwa viganja mpaka iwe na unene ulio sawa, unaichovya mafuta, unailaza kwenye mwanya wa ubao na ubao, kisha unaisukuma ndani kwa chembeu, kile chuma cha kusukumia, na nyundo. Ukitia kidogo, maji yanapenya. Ukishindilia kupita kiasi, ubao utakapolowa na kuvimba hautakuwa na pa kwenda, utasukuma misumari. Kipimo hakiandikiki. Kiko sikioni na kiganjani: mwanzo mlio wa nyundo ni mfu, kisha unaanza kukaza, na chembeu inaurudisha mkono. Hapo ndipo usimame. Ili sikio lijue pale, lazima kijana apige, akosee, afumue, apige tena, mwanya baada ya mwanya, amelala chali kwenye mchanga, mafuta yanamdondokea usoni, na maji kujaa yanakuja wala hayamsubiri. Huo ugumu siwezi kumwondolea mtu. Vijana wanaoniambia kwamba wameona video na wameelewa nawajibu bila kuwapaka mafuta: sikio halijapata kitu kwenye video. Hapa niko upande wa wazee kabisa, na vijana wawili watatu wamenikasirikia kwa hilo.

Lakini matusi mbele ya wateja, kofi la kisogo, kumnyima mtu chakula cha mchana, kumtuma sokoni kumnunulia mke wa fundi samaki saa ambayo mbao za kwanza zinapigwa misumari, hayo hayamfundishi mtu kusikia mlio wa nyundo. Yanamtoa pale alipotakiwa awepo. Nimewaona waliopitia hayo wakiwa mafundi wazuri, na nimewaona waliopitia hayo wakachukia hata harufu ya mbao. Na nimewaona ambao hawakupigwa kamwe wanashindilia pamba vizuri kama mzee yeyote.

Wala si kweli kwamba vijana wanakimbia jasho. Ile mashua ya Flipflopi, iliyoundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na kuzinduliwa 2018, ikasafiri hadi Zanzibar 2019, ilidai kuchonga mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na mataruma ya kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kukitia tezo. Kazi isiyo na mwalimu ni ngumu kuliko kazi yenye mwalimu mkali, na watu walikaa nayo mpaka ikaelea.

Kuna shaka ninayo, na sitaificha. Mafundi wetu hawachori ramani ya chombo. Umbo liko machoni. Wanafunzi wangu, waliokuja wakiwa watu wazima na kulipwa posho tangu mwanzo, kalafati wanajua, mbao wanapiga vizuri, taruma wanachagua. Lakini tukifika mahali pa kusimama mbali, kulitazama tumbo la chombo na kusema "limekaa" au "halijakaa", wanasita na kunigeukia. Mzee yule anayewasema hasiti. Anatazama mara moja. Je, jicho lile lilijengwa na miaka ya kuchota maji huku akiona kila chombo kikipanda, siku baada ya siku, bila kuharakishwa? Inawezekana. Mimi naelekea kuamini kwamba tofauti iko kwenye idadi ya vyombo. Yeye alipokuwa mdogo vilijengwa vipya mfululizo, na leo kazi nyingi ni ya kuzibaziba vya zamani, na jicho halijengwi kwa kuziba. Lakini siwezi kuithibitisha imani hiyo. Ikiwa mzee ndiye yuko sawa, basi kuna kitu tunakipoteza ambacho posho haitakirudisha, na hilo linaninyima raha.

Jingine linalonisumbua ni fedha za kufundishia. Mwanafunzi huharibu ubao, ni lazima auharibu. Zamani mbao zilipokuwa rahisi fundi aliguna akaendelea. Ubao mzuri wa mvule siku hizi ni mali, na mwenye chombo hataki kulipia makosa ya mtu anayejifunza. Kwa hiyo mafundi wengi wanamweka kijana kwenye kazi ya kubeba na kufagia kwa sababu wanaogopa hasara, halafu wanasema wanamkomaza. Afadhali waseme ukweli kwamba ni hasara wanayoikwepa, tuizungumze kama mambo ya fedha. Mimi wanafunzi naanza nao kwenye vipande vya mwembe vilivyobaki, na kwenye dau kuukuu nililolinunua ili liharibiwe. Hasara naitia kwenye bei ya kazi, na mteja namwambia wazi kabla hatujapatana. Wapo wanaokataa na kwenda kwa fundi mwingine.

Mpango wangu ni huu, kwa mzazi anayetaka kumleta mwanawe. Tunaandika karatasi na kutia saini: posho ya kila wiki, ndogo lakini ya uhakika, chakula cha mchana, mambo atakayofundishwa na kwa mpangilio gani, na vyombo vya kazi atakavyoondoka navyo. Anayetaka mtihani wa useremala wa serikali, daraja la tatu, namwachia siku zake za kujiandaa. Kwa upande wake, kalafati ni mpaka mimi niseme imetosha, na hapo hakuna mjadala. Kusi likiingia na vyombo vikapandishwa pwani kutengenezwa nitachukua vijana wawili. Waje na wazazi wao, na maswali waje nayo.