Dawa ya kupuliza ya anjaina haivutwi mapafuni

Wengi huamini kuwa dawa ya nitrati ya kupuliza, inayotuliza anjaina (maumivu ya kifua yanayotokea moyo unapokosa damu ya kutosha), huvutwa kwa pumzi, kama ile ya pumu. Si ajabu, maana vichupa vyake hufanana. Lakini dawa hii, iitwayo nitrogliserini, hufyonzwa na mishipa midogo iliyo chini ya ulimi, kisha hutanua mishipa ya damu na kuupunguzia moyo mzigo.

Kaa kitako kwanza: presha hushuka haraka, na aliyesimama anaweza kuanguka. Zuia pumzi, pulizia chini ya ulimi mara 1 au 2 kama ulivyoandikiwa, kisha funga mdomo. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Maumivu ya kifua yasipotulia ndani ya dakika 5, au yakizidi, ita gari la wagonjwa; usiendelee kupuliza ukisubiri nafuu.

Na hili, tafadhali, lisisahaulike: usiitumie kama umemeza sildenafili ndani ya saa 24, au tadalafili ndani ya saa 48 (zote mbili ni dawa za nguvu za kiume). Presha inaweza kuporomoka kiasi cha kuua.

Ukitaka kuhakikisha, fungua karatasi iliyomo kwenye boksi, sehemu ya matumizi, au mwombe mfamasia akuonyeshe.