"Stout Kali Ndiyo Nzuri": Dhana Inayoharibu Karatasi za Alama

Weka mezani stout (bia nyeusi ya nafaka iliyokaangwa) sita kutoka viwanda vidogo vya bia, zote za kilevi cha asilimia 8 kwenda juu, kisha wape watu karatasi na kalamu. Kabla ya glasi ya tatu utasikia: "Hii haina ukali, juisi tu." Dakika chache baadaye, ile iliyomkwaruza mtu koo hadi akakunja uso inapewa alama za juu kuliko zote. Kauli hii imesikika mara nyingi mno, kaunta na kwenye meza za waamuzi, na baadhi ya wanaoisema wanapika bia wenyewe. Tukae nayo kwanza. Nyingine tutazipitia haraka.

"Stout ya kweli lazima ichome"

Tatizo linaanzia kwenye neno. Chai kali, pilipili kali, siki kali, gongo kali: kila moja inaeleweka kwa sababu kitu chenyewe kimetajwa. Kwenye glasi ya stout neno hilo halina wa kulisaidia, kwani humo mna mambo matano ambayo yote watu huyaita ukali. Kuna uchungu wa hopi, maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu. Kuna uchungu wa shayiri iliyokaangwa, ule wa kahawa isiyo na sukari. Kuna ukakasi, kama wa bibo au ndizi mbichi, unaokausha ufizi. Kuna joto la kilevi, linaloshuka taratibu hadi kifuani na kutulia. Na kuna mchomo wa alkoholi nzito (aina za kilevi zisizotakiwa, ambazo hamira huzitoa ikielemewa au ikipata joto), unaokwaruza koo papo hapo na kupanda puani ukinuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

La kwanza, la pili na la nne ni sehemu halali ya imperial stout, yaani stout nzito ya asilimia 8 kwenda juu. Ukakasi kidogo unavumilika. La tano ni kosa la kiwandani, basi. Mwonjaji anayeyatia yote kwenye kapu moja la "kali" anamzawadia mpishi aliyekosea na kumwadhibu aliyefanya kazi ngumu ya kuipika bia ya asilimia 10 ikateremka bila fujo.

Alkoholi nzito huingia hivi. Imperial stout huanza na graviti (uzito wa maji ya kimea yenye sukari ukilinganishwa na maji matupu, ambayo ni 1.000) ya 1.075 hadi 1.115, mzigo mkubwa kwa hamira. Pakiti moja ya gramu 11 inayotosha lita 20 za bia ya 1.050 haitoshi kwa lita hizo hizo za 1.090, zinatakiwa mbili, na maji ya kimea yapewe oksijeni ya kutosha kabla hamira haijaingia. Isitoshe, hamira ikifanya kazi hutoa joto lake. Katika chumba cha nyuzi 28, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, tangi lisilopozwa litavuka 30 siku ya pili tu. Hamira nyingi za ale (jamii ya bia iliyomo stout) hutaka nyuzi 18 hadi 20 kwa saa 72 za mwanzo. Zikipita 24 wakati huo, mchomo umeshaingia. Kuilaza bia miezi sita kutaupoza kidogo, hakutaufuta.

Ukakasi una njia zake. Shayiri iliyokaangwa au kimea cheusi kikizidi kama asilimia 10 ya nafaka yote, ladha ya kahawa inageuka majivu. Makapi ya nafaka yakisuuzwa kwa maji yaliyopita nyuzi 77, au pH (kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu unazidi) ikipanda kuelekea 6, tanini za maganda, zinazoleta ukakasi, zinahamia kwenye bia. Upande wa pili upo pia: nafaka nyeusi hushusha pH ya mchanganyiko wa nafaka na maji, na ikiwa chini ya 5.2 stout inakuwa na makali ya uchachu ambayo mnywaji, bila shaka, ataandika "kali".

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote karatasi ya alama, mpe vikombe vinne. Hili ni zoezi ambalo kila kikundi cha kuonja kingepaswa kulifanya mara moja kila baada ya miezi michache, na halina gharama kubwa:

Kikombe cha kwanza, maji ya toniki yaliyoachwa gesi itoke. Puuza sukari yake, sikiliza kwinini kwenye mzizi wa ulimi. Huo ni uchungu safi. Cha pili, kahawa nyeusi iliyopoa, bila sukari: hilo ni jambo la nafaka iliyokaangwa. Cha tatu, majani ya chai pakiti mbili kwenye mililita 150 za maji yaliyochemka, yaachwe dakika 15, yapoe: ukakasi. Cha nne, mililita 100 za Konyagi, ambayo ni asilimia 35, zikiongezwa maji mililita 250. Unapata kinywaji cha asilimia 10 kamili, na joto lake ndilo joto la kilevi cha stout nzito. Onja kidogo kidogo na maji katikati. Mtu akishazijua hisia hizi nne, ile ya tano ataitambua bila kufundishwa, maana haifanani na yoyote kati yake.

Kisha futa neno "kali" kwenye kikao chako. Anayetaka kulitumia aseme ni uchungu, ukakasi, joto au mchomo, na aseme umedumu muda gani baada ya kumeza. Hesabu hadi ishirini: joto la kilevi litakuwa linafifia, uchungu wa hopi bado upo, ukakasi ndio kwanza unaongezeka.

Na huo ulaini unaodharauliwa? Imperial stout huwa na IBU (kipimo cha uchungu wa hopi) 50 hadi 90, lakini graviti yake ya mwisho hubaki 1.018 hadi 1.030. Utamu uliosalia ndio unaoubeba uchungu. Ndiyo maana stout ya IBU 60 iliyoishia 1.025 inaweza kuonekana tulivu kuliko nyembamba ya IBU 40 iliyoishia 1.010. Huo ni uwiano, na uwiano ndio unaolipwa alama.

Tazama karatasi ya BJCP, mpango wa Marekani wa kuwathibitisha waamuzi wa bia, inayotumika sehemu nyingi. Jumla ni 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, tathmini ya jumla 10. Hakuna mstari wa ukali. Mchomo wa alkoholi nzito unakata kwenye harufu, unakata kwenye ladha, unakata tena mdomoni. Bia yenye kosa hilo waziwazi ikivuka 29, mwamuzi arudi kwenye vikombe vinne.

"Nyeusi zaidi, kilevi zaidi"

Rangi haina kilevi. Tangu Daniel Wheeler alipopata hataza ya mtambo wake wa kukaangia kimea Uingereza mwaka 1817, nafaka nyeusi kidogo tu, asilimia 5 hivi, inatosha kuitia giza bia nzima. Guinness Draught ni asilimia 4.2, sawa na Tusker. Duvel ya Ubelgiji ina rangi ya dhahabu na ni 8.5. Dhana hii inapata nguvu kwetu kwa sababu Guinness ya chupa iliyozoeleka hapa ni Foreign Extra, ambayo kweli ni nzito kuliko lager. Soma lebo.

"Baridi kama barafu" na "ya moto"

Mhudumu akiuliza "baridi au ya moto?", kwa stout nzito majibu yote mawili yanaharibu kazi. Ikitoka friji kwenye nyuzi 4, harufu imelala: chokoleti, tunda kavu, molasi, vyote kimya, na kinachobaki mbele ni uchungu. Ikiwa ya moto, yaani joto la chumba la nyuzi 28 au 30, kilevi kinatawala pua, gesi inatoka kwa kishindo na kila kasoro inapiga kelele. Lenga nyuzi 10 hadi 14.

Chupa ya mililita 330 ikitolewa friji na kusimama mezani Pwani inafika nyuzi 12 baada ya dakika 20 hadi 25. Nairobi jioni ya baridi, hesabu kama dakika 45. Mimina mililita 60 hadi 90 tu kwenye glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba. Nusa mara tatu, kwa pumzi fupi, kabla ya kuonja. Meza, usiteme, uchungu wa stout hujulikana kooni. Onja tena inapoelekea 14, maana stout nzuri hufunguka na mbovu hujianika. Katikati ya glasi ni maji na mkate mkavu. Nyama choma na kachumbari yenye pilipili visubiri. Pilipili ikishatangulia, mchomo wa bia huwezi kuutenganisha na wa pilipili.

"Povu zito ni dalili ya nguvu"

Povu la krimu linalotelemka kama wingu ni kazi ya naitrojeni, ambayo Guinness waliianza mwaka 1959. Viputo vyake ni vidogo, havichomi ulimi, ndiyo maana bia inahisiwa nzito hata ikiwa 4.2. Kilevi kingi, kinyume chake, hudhoofisha povu. Kumbuka pia mwonekano wote una alama 3 kati ya 50, na kabla ya kuilaumu bia kagua glasi: mabaki ya mafuta na sabuni huua povu kwa sekunde.

"Stout inaongeza damu"

Hapana. Painti moja (glasi kubwa ya zaidi kidogo ya nusu lita) ya Guinness ina madini ya chuma kama miligramu 0.3. Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku, yaani painti 90. Tangazo la Uingereza la mwaka 1929 lililosema Guinness ni nzuri kwako lilikuwa tangazo. Kumpa mjamzito stout "ili apate damu" ni kumpa kilevi mtoto aliye tumboni, na hakuna kiwango cha kilevi kinachojulikana kuwa salama kwake. Mchicha, maharage, maini kwa kiasi, na vidonge vya kliniki.

"Milk stout ina maziwa"

Ina laktosi, sukari ya maziwa ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, hivyo utamu unabaki. Mwenye tumbo lisilopatana na maziwa ajihadhari.

"Ikikaa sana inakuwa bora"

Zile za asilimia 8 kwenda juu tu, zikisimama wima gizani kwenye nyuzi 10 hadi 13. Juu ya kabati la nyuzi 30 hakuna bia inayokomaa. Oksijeni iliyomo chupani inafanya kazi yake haraka. Ukifungua ukakutana na harufu ya boksi lililolowa, au ladha ya sosi ya soya inayofunika kahawa na chokoleti, andika "imeoksidika" kwenye karatasi na ukate alama kwenye harufu na ladha, hata kama lebo inasema ni ya miaka mitano.