Niulize nitatoboa wapi

Mgonjwa aliyechanika ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti inayowatoa wachezaji uwanjani kwa machela, akija kliniki swali lake la kwanza ni lilelile: "Daktari, mtanitolea kano ya wapi? Ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti?" Swali zuri, ila hapo sipo upasuaji unapoharibikia. Ligamenti ya asili ya kijana hukatika ikivutwa kwa takriban nyutoni 2,160, kama kuning'iniza kilo 220. Kano mbili za nyuma ya paja zikikunjwa zikawa nyuzi nne, kwenye mashine ya kupimia huweza kufika nyutoni 4,000. Nguvu ipo, tena ya kusaza. Kinachoniumiza kichwa ni milimita tano za mahali pa kutoboa.

Pandikizi, yaani hiyo kano inayowekwa badala ya ligamenti, hupita kwenye matundu mawili, moja katika mfupa wa ugoko, jingine katika mfupa wa paja. Sasa, goti si bawaba ya mlango. Ukilikunja, mfupa wa paja hubingirika huku ukiteleza juu ya ugoko, kwa hiyo umbali kati ya matundu hayo haubaki uleule. Mezani kwangu nina goti la plastiki na uzi wa fundi viatu. Nikiufunga pale ligamenti inapokaa kiasili, goti linakunjika na kunyooka, uzi ukikaza na kulegea kidogo tu. Nikisogeza kituo cha juu mbele kidogo, uzi unakaza kama wa gitaa hata kabla goti halijafika digrii 90. Kwa mtu aliye hai ni mawili: goti ligome kukunjika, au alilazimishe kwa mazoezi hadi pandikizi livutike, na akinyoosha mguu liwe limelegea.

Tundu la ugoko nalo lina vituko vyake. Likiwa mbele mno, pandikizi hugonga dari la mfupa wa paja kila goti linaponyooshwa, na mgonjwa habishi tena: hanyooshi.

Kosa ninalolichukia zaidi ni pandikizi lililosimama wima. Tazama ndoo ya kisimani: kamba inaizuia isianguke, lakini haiizuii kuzunguka. Zamani tulipitisha keekee ya paja ndani ya tundu la ugoko, na njia hiyo mara nyingi ilitupeleka juu, kwenye 11 ukilitazama goti la kulia kama uso wa saa ya ukutani (namba 11, si saa kumi na moja yetu, jambo lililowahi kunichanganya). Nikivuta ugoko mbele, goti limekaza, kila mtu kitandani na kando ya kitanda anafurahi. Mpeleke uwanjani apige chenga, goti linachomoka. Siku hizi wengi wetu tunatoboa paja kwa mlango wake wenyewe, goti likiwa limekunjwa hadi karibu digrii 120, na tunashuka kuelekea 10. Pandikizi linalala mshazari, linashika mzunguko.

Na ndani ya goti macho hudanganya. Mgonjwa amelala goti limekunjwa, hivyo "nyuma" ya vitabuni inakuwa "chini" kwenye skrini ya kamera tunayoingiza gotini. Kwenye ukuta wa ndani wa mfupa wa paja kuna kituta kidogo cha mfupa ambacho mwanafunzi hukidhania ndiyo mwisho wa nyuma, akatoboa mbele yake. Wamarekani wamekibatiza jina la madaktari wanafunzi, na mimi nikiwa mwanafunzi nilikidhania hivyohivyo, mwalimu akanishika mkono keekee ikiwa tayari inanguruma. Ligamenti inaanzia upande wa pili wa kituta.

Mwaka huu nimepokea mchezaji kiungo mmoja wa ligi za chini aliyefanyiwa upasuaji kwingine. Picha ya eksirei ya ubavuni ilionyesha tundu la paja limekaa mbele sana. Alidhani nitamwambia hakuna tena la kufanya. Nikamweleza kwamba ana bahati ya ajabu: tundu lililokosewa sana naliacha kama lilivyo na kutoboa jipya kando. Lililokosewa kidogo ndilo balaa, kwa sababu jipya huangukia ndani ya la zamani, na hapo huenda ukalazimika kwanza kulijaza kwa mfupa, ukamfunga mtu, ukasubiri miezi kadhaa mfupa ushike, ndipo umrudishe tena mezani.