Ripoti za athari za tabianchi: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mwishoni mwa karibu kila sentensi kuu ya ripoti za tathmini ya tabianchi kuna maneno madogo ndani ya mabano, yamepigwa chapa ya mlazo: uhakika wa juu, uhakika wa kati, uwezekano mkubwa. Msomaji mwenye haraka huyaruka. Mwandishi wa habari huyaondoa ili habari isomeke vizuri. Mwanasiasa hushika yanayomfaa na kuacha mengine. Naamini sehemu kubwa ya upotoshaji kuhusu ripoti hizi inaanzia hapo, kwenye maneno yaliyorukwa, na wanaoumia ni watu wanaosubiri maamuzi yatokanayo na ripoti hizo.

Nazungumzia ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, linalojulikana zaidi kwa herufi zake, IPCC. Liliundwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, na leo wanachama wake ni serikali 195. Hapa chini kila kichwa ni dhana inayosemwa sana kuhusu ripoti hizo, na chini yake ni jibu langu.

Dhana: Jopo lina wanasayansi wake wanaolipwa ili wapate majibu yanayotakiwa

Jopo halifanyi utafiti wake lenyewe. Halina maabara, halina setilaiti, halina hata kituo kimoja cha kupima mvua. Kazi yake ni kusoma yaliyokwisha kuchapishwa, kuyapima, kusema yanaelekea wapi, na pale yanapopingana kukiri kwamba yanapingana. Ripoti ya Februari 2022, iliyohusu athari, udhaifu wa jamii na namna ya kuhimili, iliandikwa na watu 270 kutoka nchi 67, nao walitumia marejeo zaidi ya 34,000. Jopo halikuwalipa mshahara. Rasimu zao zilipata maoni 62,418, na waandishi hutakiwa kuyajibu kwa maandishi, hata yale ya kuudhi.

Dhana: Serikali ndizo zinazoamuru sayansi iseme nini

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi.

Ripoti kamili, yenye maelfu ya kurasa, ni ya wanasayansi. Serikali huipokea ilivyo. Kinachopitiwa mstari kwa mstari ni muhtasari kwa watunga sera, ule wa kurasa chache ambao mawaziri na washauri wao huusoma kweli. Sentensi moja huwekwa kwenye skrini. Mjumbe wa nchi hii anasema neno fulani ni kali mno; wa nchi ile anasema limelegea. Waandishi hurudi kwenye sura husika, hutazama ushahidi unabeba uzito gani, kisha hupendekeza maneno mengine. Wakikwama, watu wachache hutoka kwenda kuijadili pembeni huku kikao kikisonga kwenye sentensi nyingine. Mwaka 2021, wakati wa korona, kazi hiyo ilifanyika kwa njia ya mtandao kwa wiki mbili, kukiwa usiku kwa wengine na mchana kwa wengine.

Kanuni inayowalinda waandishi ni kwamba sentensi isiyo na ushahidi ndani ya sura za ripoti haiingii kwenye muhtasari, hata ikidaiwa na nchi kubwa kiasi gani. Lakini serikali zinaweza kukizuia kitu kisiingie, na zimewahi kufanya hivyo. Huko Berlin, Aprili 2014, michoro iliyogawa nchi kwa viwango vya kipato na kuonyesha uchafuzi wa kila kundi iliondolewa kwenye muhtasari baada ya mabishano. Ndani ya ripoti kamili ilibaki. Kwa hiyo anayelalamika kwamba muhtasari umepunguzwa makali ana hoja, ila anayesema sayansi yenyewe imeandikwa na serikali anakosea. Na mabishano hayo yana faida moja ambayo hatuithamini vya kutosha. Serikali iliyokaa siku zote hizo ikipitisha kila mstari haiwezi kufika kwenye meza ya mazungumzo kesho yake ikadai haikuyajua.

Dhana: Wakisema "uhakika wa kati" maana yake wanabahatisha

Katika mazungumzo ya kila siku, mtu asiye na hakika ni mtu asiyejua. Kwenye ripoti hizi kila neno la hakika lina kipimo. Wakiandika kwamba jambo "lina uwezekano", wanamaanisha asilimia 66 hadi 100. "Uwezekano mkubwa sana" huanzia asilimia 90. "Karibu hakika kabisa" huanzia 99. Maneno ya uhakika wa juu, wa kati na wa chini yana mizani yake pia: ushahidi ni mwingi na imara kiasi gani, na tafiti zinakubaliana kwa kiasi gani.

Anayetaka kuona mizani hiyo ikifanya kazi afuatilie swali moja tu, la kama binadamu ndiye anayeipasha dunia joto. Mwaka 1995 ripoti ilisema, kwa tahadhari nyingi, kwamba uzito wa ushahidi unaashiria mchango wa binadamu unaotambulika. Mwaka 2001 ikasema kuna uwezekano kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la joto la miaka 50 iliyotangulia imetokana na gesi joto. Mwaka 2007 ikawa uwezekano mkubwa sana. Mwaka 2013 ukapanda tena, ukafika angalau asilimia 95. Mwaka 2021 wakaandika kwamba jambo hilo halina shaka. Hapo waliacha kabisa maneno ya uwezekano. Imechukua miaka 26 kutoka "unaashiria" hadi "halina shaka", na kila hatua ilisubiri ushahidi. Watu wenye haraka ya kutia chumvi wasingengoja hivyo.

Ninapomsikia kiongozi akisema tusubiri hadi wanasayansi wawe na uhakika wote, nakumbuka kwamba mabwawa, bima na chanjo huamuliwa kwa uhakika mdogo kuliko huo, na hakuna anayelalamika.

Dhana: Uhakika ukiwa mdogo, athari nazo ni ndogo

Kwangu hili ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu hufanywa hata na watu wema.

Katika muhtasari wa 2021 kuna mchoro ambao naomba kila mtunga sera autazame kwa utulivu. Maeneo ya dunia yanayokaliwa na watu yamechorwa kama pembesita 45 zilizopangwa mithili ya sega la nyuki. Upande wa joto kali, maeneo 41 kati ya 45 yamepakwa rangi ya ongezeko. Upande wa mvua kubwa, yaliyopakwa rangi hiyo ni 19 tu. Ukitazama haraka utasema basi mvua kubwa si tatizo la watu wengi. Lakini maeneo mengine 18 yameachwa kijivu kwa sababu takwimu au tafiti hazitoshi kusema lolote. Huko mafuriko yanaweza kuwa yameongezeka, ila hakuna vipimo vya miaka mingi vya kuyathibitisha.

Ukosefu huo una sababu. Ripoti ya 2022 inaeleza kwamba kati ya 1990 na 2019 tafiti za tabianchi zilizohusu Afrika zilipata asilimia 3.8 tu ya fedha zote za utafiti wa aina hiyo duniani. Tena katika hizo, asilimia 78 zilikwenda kwa taasisi za Ulaya na Amerika Kaskazini, na asilimia 14.5 tu kwa taasisi za Afrika zenyewe. Kwa hiyo pembesita ya kijivu mara nyingi inaonyesha mahali ambapo hakuna aliyelipwa kwenda kupima. Mtunga sera anayeisoma kama "hakuna tatizo" anawaadhibu mara mbili watu wasiokuwa na vituo vya kupimia.

Dhana: Kosa la Himalaya lilithibitisha kwamba ripoti zote ni uongo

Kosa lilikuwepo, tena la aibu. Ripoti ya 2007 ilidai barafu za milima ya Himalaya zingeweza kutoweka kufikia 2035. Dai hilo halikutoka kwenye utafiti uliohakikiwa, na Januari 2010 Jopo lilikiri kosa. Mwaka huohuo baraza la vyuo vya sayansi vya nchi mbalimbali lilikagua taratibu zake, na baada ya hapo ukawekwa utaratibu rasmi wa kupokea na kusahihisha makosa. Aya iliyokosewa ilikuwa ndani ya sura moja kati ya nyingi, na hitimisho kuu la ripoti halikuitegemea.

Dhana: Wanasayansi walisema 2030 ndiyo mwisho

Safari hii waliopotosha ni watu wa upande wangu, wanaotaka hatua zichukuliwe. Ripoti maalumu ya Oktoba 2018 ilisema kwamba, ili ongezeko la joto la dunia tangu kabla ya enzi za viwanda lisivuke nyuzi 1.5 au livuke kidogo tu, utoaji wa hewa ukaa unapaswa kushuka kwa takriban asilimia 45 kufikia 2030, ukilinganishwa na 2010, na kufikia sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani, karibu na 2050. Mitaani ikageuka kuwa "tumebakiwa na miaka 12". Haikuandikwa kwamba dunia ina ukingo ambao tukiuvuka kila kitu kinakwisha. Ilichosema ni kigumu zaidi kukikwepa, kwamba kila sehemu ya nyuzi ina hesabu yake. Matumbawe ya bahari za joto yanatarajiwa kupungua kwa asilimia 70 hadi 90 katika nyuzi 1.5, na kwa zaidi ya asilimia 99 katika nyuzi 2. Anayeamini kuna siku ya mwisho atakata tamaa ikipita, wakati nusu nyuzi ile bado inaweza kupiganiwa.

Dhana: Ripoti huziamuru serikali cha kufanya

Haziamuru. Mkataba wa 1992 wa mabadiliko ya tabianchi ulijadiliwa baada ya ripoti ya kwanza ya 1990, na ile ya 2018 iliombwa na serikali zenyewe zilipokutana Paris mwaka 2015. Uamuzi hubaki kwao, na lawama pia.

Dhana: Athari hupimwa kwa ukubwa wa dhoruba

Ripoti ya 2022 hupima hatari kwa mambo matatu kwa pamoja: tukio lenyewe, watu na mali vilivyo njiani, na udhaifu wa watu hao. Kati ya 2010 na 2020, vifo vya mafuriko, ukame na dhoruba vilikuwa mara 15 zaidi katika maeneo yenye udhaifu mkubwa kuliko katika yale yenye udhaifu mdogo sana. Watu kati ya bilioni 3.3 na 3.6 wanaishi katika mazingira yenye udhaifu mkubwa. Wizara inayosoma takwimu za upepo pekee itajenga ukuta wa bahari. Ripoti inatahadharisha kwamba ukuta kama huo unaweza kuwaletea watu usalama wa muda mfupi, ukawavuta wajenge zaidi nyuma yake, na hivyo kuongeza walio hatarini miaka ya mbele. Inayosoma yote matatu itauliza pia nani hana akiba, nani hapati onyo la mapema, na nani hana pa kuhamia.

Tangu Julai 2023 Jopo liko katika mzunguko wake wa saba wa kuandaa ripoti, na miongoni mwa yatakayoandikwa ni ripoti maalumu juu ya miji na marekebisho ya mwongozo wa 1994 wa kutathmini athari. Mwenye ujuzi wa somo hujisajili mwenyewe kuwa mhakiki, na anaweza kuwaonyesha waandishi utafiti uliochapishwa ambao hawakuuona, hata kama haukuandikwa kwa Kiingereza. Mtu mmoja aliyetunza na kuchapisha vipimo vya mto mmoja usiojulikana anaweza kusaidia pembesita moja kati ya zile 18 ipate rangi.