Je, wajua kwa nini afisa utumishi hapaswi kuona majibu ya vipimo vyako vya kazini?

Fundi wa kuchomelea anaingia kwa daktari wa kiwandani. Anapuliza kifaa cha kupima pumzi, anaminya kitufe kila akisikia mlio, anatolewa damu. Daktari anakuta mambo mawili: sikio la kushoto limeanza kudhoofu, na sukari imepanda. Lakini karatasi inayofika ofisini ina mstari mmoja: “Anafaa kwa kazi hii, mradi avae vizibo vya masikio.” Sukari haikutajwa kabisa.

Daktari hajamficha mwajiri kitu. Pendekezo Na. 171 la Shirika la Kazi Duniani (ILO), la mwaka 1985, linataka hivyo hivyo: mwajiri apewe hitimisho kuhusu kufaa kwa kazi, bila maelezo ya kitabibu. Anayepanga zamu anahitaji kujua nani asipande juu ya paa, basi. Sababu ya kutopanda ni siri ya mgonjwa na daktari wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila kazini wengi huyaficha kwa sababu kufukuzwa kunaonekana kuko karibu zaidi kuliko kifo. Mtu akijua majibu yataishia mezani kwa bosi, atamdanganya daktari, na mapafu yataharibika kimyakimya.

Enzi za mafaili ya karatasi, Ujerumani ililitatua jambo hili kwa bahasha. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo iliamua kwamba mfanyakazi ana haki ya kudai taarifa za afya zilizomo kwenye faili lake zifungiwe ndani ya bahasha, ili mtu anayetafuta barua ya likizo asikutane nazo kwa bahati tu. Mwenye sababu halali angeweza kuifungua. Nakipenda kitu hiki kwa urahisi wake: bahasha iliyochanwa hujionyesha yenyewe.

Faili la kompyuta halichaniki. Ripoti ikishaskaniwa na kutupwa kwenye folda moja na mkataba na vyeti vya shule, kila mwenye nywila ya folda hiyo anaisoma: karani wa mishahara, mkuu wa idara, fundi wa TEHAMA anayehamisha data. Baya zaidi, faili hutafutika. Andika “kisukari” kwenye kisanduku cha kutafutia na majina ya watu yanajipanga yenyewe.

Kwa hiyo bahasha inabidi itengenezwe upya. Njia iliyo salama zaidi ni kutoiingiza ripoti humo kabisa: inabaki kwenye mfumo wa daktari, na faili la utumishi linapokea cheti cha kufaa tu. Ikilazimu hati ya afya iingie, ifungwe kwa ruhusa yake ya peke yake, na mfumo uandike nani kaifungua na saa ngapi. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya karatasi iliyochanika.

Huku kwetu sheria zipo. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaiweka hali ya afya kwenye kundi la data nyeti, na adhabu yaweza kufika shilingi milioni 5. Tanzania, ambako OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) husimamia upimaji wa wafanyakazi kabla ya kuajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka, ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Ila uvujaji mwingi, kwa maoni yangu, hauanzii kwa daktari wa kiwanda. Unaanzia kwenye ED, ile karatasi ya hospitali ya kumpumzisha mgonjwa kazini. Mtu anapewa mapumziko ya siku tatu, hospitali inaandika jina la ugonjwa kwenye karatasi hiyo hiyo, naye anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la idara ili msimamizi aione. Watu arobaini wameshaisoma kabla haijafika kwenye faili lolote.