Wawili safarini: si lazima pikipiki ya cc 1,200

Wengi huamini kuwa safari ndefu ya watu wawili inataka pikipiki ya cc 1,200, na kwamba ya cc 500 hadi 700 itazidiwa. Sivyo. Injini ya ukubwa huo hubeba watu wawili kwa kilomita 100 kwa saa bila kuhangaika. Kinachopungua ni wepesi wa kulipita lori mlimani: rudisha gia, subiri nafasi pana zaidi.

Kinachobana hasa ni uzito. Fungua kitabu cha pikipiki, tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, kisha toa uzito wa pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta. Tuseme 415 kutoa 215: zimebaki kilo 200. Dereva 85, abiria 65, nguo za safari na kofia ngumu 20. Mizigo yote, basi, ni kilo 30. Pikipiki kubwa nayo ni nzito, na baadhi hazibebi zaidi ya hapo.

Halafu springi ya nyuma, ambayo wengi hawaigusi kabisa. Ikiachwa ilivyopimwa kwa mtu mmoja, nyuma hudidimia, taa humulika juu, usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Ikaze, ongeza upepo wa tairi kama kitabu kinavyoelekeza, na vitu vizito vikae chini karibu na katikati, si kwenye boksi la nyuma.

Na kiti, jamani! Abiria huchoshwa na kiti chembamba muda mrefu kabla injini haijalalamika. Simameni kila baada ya saa moja na nusu, ashuke, anyooshe magoti.