Waliohamia Marekani Miaka ya 1880: Wanavyosimuliwa na Walivyokuwa

Ukiishi Marekani kwa muda hutakosa kuisikia hadithi ya babu aliyeshuka melini New York na fulushi moja begani, akapanga foleni, akafuata sheria, akajifunza Kiingereza, akaijenga nchi. Husimuliwa kwa mapenzi, na mara nyingi husimuliwa ili mhamiaji wa leo ajione mkosaji. Babu huyo alikuwepo, na jasho lake lilikuwa la kweli. Ila hadithi yenyewe imepigwa randa mno, na kila palipopita randa kuna watu waliofutwa.

Inayopendwa kuliko zote ni ile ya jina. Eti Mpolandi alitaja jina lake refu, karani wa kisiwa cha Ellis, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, akashindwa kuliandika, akampa fupi la Kiingereza. Kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na kazi ya makarani wake haikuwa kuwaandika wageni majina. Mkononi walishika orodha ya abiria iliyoandikwa na kampuni ya meli huko huko Hamburg, Bremen, Liverpool au Napoli, wakawa wanalinganisha majibu ya mgeni na orodha hiyo, na wakalimani wako karibu. Kampuni nazo zilikuwa na sababu ya kuwa makini: kwa sheria ya 1891, abiria aliyekataliwa alirudishwa kwa gharama ya meli iliyomleta. Majina yalibadilika baadaye, na waliobadilisha ni wenyewe. Schmidt alijiita Smith alipokwenda kuomba kazi, au alipochoka kusikia jina lake likiharibiwa. Uamuzi ulikuwa wao, na si haki kuwanyang'anya uamuzi huo na kumpa karani.

Halafu kuna imani kwamba waliokuja walikuja kuhamia moja kwa moja, kwa kuipenda nchi, tofauti na wa leo wanaofuata pesa. Meli za mvuke zilikuwa zimeifupisha safari ya Atlantiki. Wiki nyingi za tanga zilibaki wiki moja au mbili. Kijana wa Calabria au Sicily aliweza kwenda kufanya kibarua cha reli, akatuma hela kwao, akarudi kununua kishamba, na baada ya miaka miwili akapanda meli tena. Wenyeji wakawaita ndege wapitao. Kati ya theluthi na nusu ya Waitaliano walirudi kwao. Wengi walipata kazi kupitia mnyapara wa kwao, padrone, aliyewakata sehemu ya ujira kama malipo ya kuwatafutia. Ndugu zetu wanaofanya kazi mbili huku wakihesabu siku za kurudi kujenga nyumbani wangewaelewa vijana hao bila mkalimani.

Wayahudi wa milki ya Urusi walikuwa na jambo lao. Tsar Alexander II alipouawa mwaka 1881, mashambulizi dhidi yao yalienea, wakaondoka na wake na watoto, na waliorudi walikuwa wachache kuliko Waitaliano.

Kuhusu miji, wengi husema ilifurika kwa sababu ya wageni, na uchafu waliuleta wao. La kufurika lina ukweli wake. Chicago, iliyokuwa na watu wasiofika 30,000 mwaka 1850, ilipita milioni moja mwaka 1890, ingawa moto wa 1871 uliteketeza kitovu chake. Karibu wanane kati ya kila wakazi kumi walikuwa wamezaliwa nje ya nchi au ni watoto wa waliozaliwa nje. Lakini Chicago ilimeza pia vitongoji vya jirani mwaka 1889, ikajiongezea watu zaidi ya 200,000 kwa upigaji kura wa mara moja, na New York iliungana na Brooklyn mwaka 1898. Vijana wa mashambani, Wamarekani wa kuzaliwa, nao walimiminika mijini baada ya mashine kuchukua kazi za mavuno. Hata hivyo, kufikia mwaka 1900 Wamarekani sita kati ya kumi walikuwa bado wanaishi shamba na katika vijiji.

La uchafu ndilo linaloniuma. Nyumba za kupanga za New York zilijengwa juu ya viwanja vya upana wa futi 25, ghorofa tano au sita, vyumba vya katikati bila dirisha hata moja, choo kiko uani kwa ajili ya familia zote. Mpangaji hakuichora nyumba ile. Mwenye nyumba alijua kwamba kila chumba cha ziada ni kodi ya ziada, na hadi 1901 sheria ilimruhusu kwa kiasi kikubwa. Mwaka huo ndipo jimbo lilipodai hewa, mwanga na choo ndani ya kila makazi katika majengo mapya. Aliyezipiga picha nyumba hizo na kuushtua mji mwaka 1890 ni Jacob Riis, yeye mwenyewe mhamiaji kutoka Denmaki. Alifanya kazi kubwa, ingawa aliandika maneno ya dharau kuhusu Wachina na Wayahudi ambayo hayafai kusahauliwa.

Na Kiingereza? Shule za umma za Cincinnati na St. Louis zilifundisha Kijerumani kwa miongo kadhaa. Wisconsin ilipopitisha sheria mwaka 1889 ya kulazimisha masomo kwa Kiingereza, Wajerumani walikasirika, gavana akaangushwa kwenye uchaguzi wa 1890, na sheria ikafutwa mwaka uliofuata.

Sanamu ya Uhuru nayo haikusimamishwa ili kuwakaribisha wahamiaji. Ilizinduliwa Oktoba 1886, zawadi ya Wafaransa waliofurahia kukomeshwa kwa utumwa na kudumu kwa jamhuri. Miguuni pake kuna minyororo iliyokatika. Shairi la Emma Lazarus la kuwakaribisha wahamiaji liliandikwa 1883 ili kuchangisha fedha za msingi wake, na kibao chenye shairi hilo kiliwekwa 1903.

Ndipo tunafika kwenye ile foleni. Kwa Mzungu wa miaka ya 1880 hakukuwa na viza, wala miaka ya kungoja. Sheria ya 1882 iliwazuia wahalifu, wagonjwa wa akili na wale walioonekana watakuwa mzigo kwa serikali, na ikatoza senti 50 kwa kila mgeni. Pale Ellis, abiria wa daraja la tatu walikaguliwa kwa saa chache, na waliorudishwa walikuwa kama wawili katika kila mia.

Mwaka huo huo wa 1882 vibarua wa Kichina walifungiwa mlango, wakati maelfu yao ndio waliokuwa wamechimba reli ya kuvuka milima ya Sierra Nevada. Mwaka 1885, Rock Springs, Wyoming, Wachina 28 wa machimbo ya makaa waliuawa, na hakuna aliyehukumiwa. Chae Chan Ping alifuata sheria sawasawa: alikaa California tangu 1875, akaenda kwao 1887 akiwa na hati rasmi ya kumruhusu kurudi. Akiwa bado baharini mwaka 1888, Bunge likazifuta hati hizo zote. Meli ilitia nanga San Francisco, akakataliwa, na Mahakama Kuu ikalikubali jambo hilo mwaka 1889.

Wong Kim Ark hakuwa hata mhamiaji. Alizaliwa San Francisco, mpishi kwa kazi, na aliporudi kutoka matembezi ya China mwaka 1895 akazuiwa kushuka. Mahakama Kuu iliamua Machi 1898 kwamba ni raia kwa kuzaliwa, hukumu inayotajwa hadi leo. Mwaka 1901, mjini El Paso, maofisa wa uhamiaji walimkamata wakidai ni Mchina asiye na haki ya kuwa nchini.